Maziwa ya Chombo

Sumbawanga, 9 Juni 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Ni mimi Naomi, mke wa Tuntufye. Naandika mwenyewe bila kupitia kwa mtu, na ni mara ya kwanza. Sisi huku ni wazima. Baridi ya mwezi huu inaingia mpaka kwenye mifupa. Tuntufye anakwenda kufundisha amevaa masweta mawili na anawaambia wanafunzi wake kwamba amenenepa. Mjukuu wako Jubilate ameota meno mawili ya chini, ameshamng'ata baba yake mara tatu na jirani mara moja. Poleni na mavuno ya mpunga. Shangazi Anyisile msalimie sana.

Najua simu ingefika upesi kuliko barua. Lakini kila nikipiga nikasikia sauti yako mimi nakata, na wewe ukisikia yangu unampa dada yako simu kama vile imekuunguza. Kwa mwendo huo tutafika lini? Nilimuuliza Shangazi kama mkwe anaruhusiwa kumwandikia baba mkwe wake. Akasema wazee wa Kinyakyusa walikataza kuonana, kusemezana na kutamka jina, ila barua hawakuitaja.

Jambo lenyewe ni hili. Jubilate atabatizwa Jumapili ya tarehe 24 Novemba, hapa kanisani kwetu. Siku hiyo nataka pawe na ile keki uliyokuwa ukioka melini, ambayo Tuntufye ameisimulia tangu aliponichumbia, ile ya kahawia uliyokuwa ukimletea kipande ndani ya karatasi kila meli ilipofika bandari ya Itungi. Anasema siri yake ni maziwa ya chombo. Huku hayapatikani. Nimezunguka maduka yote, duka moja tu lilikuwa nayo, na muda wake ulikwisha mwaka juzi. Naomba unieleze nitumie nini badala yake. Uniwie radhi kwa kuandika "chombo". Neno lake halisi Shangazi alinikataza kulitamka nilipoolewa, na sababu unazijua.

Jambo la pili ni fupi. Naomba uje ubatizoni. Hujawahi kufika kwetu, na Jubilate hajawahi kupakatwa na babu yake. Keki nitaioka hata usipokuja, lakini naioka kwa ajili yako.

Mkweo,
Naomi


Mwaya, 4 Julai 2024

Mama Jubilate,

Salamu zimefika, ndaga fijo, asante sana. Barua yako ilikaa wiki mbili kwenye sanduku la posta la kanisa pale Kyela mjini, kwa sababu Mwinjilisti Israeli, mwenye ufunguo, alivuka mpaka wa Kasumulu kwenda kwa shemeji zake Karonga, Malawi, na huko walimkaangia samaki wa mbasa mpaka akasahau kazi ya Bwana. Sisi tuko salama. Mpunga tumevuna, isipokuwa jaruba la chini ambalo kiboko alilala ndani yake. Dada yangu goti linamuuma akitumwa, akialikwa linapona.

Nimepika melini miaka ishirini na sita, na hii ni mara ya kwanza kuulizwa upishi kwa maandishi. Nakujibu kwa maandishi.

Ni neno gani ulilokatazwa sikulielewa, na nikimuuliza dada yangu anaangalia pembeni. Lakini chombo cha maziwa nakijua. Kwetu ni kibuyu, na maziwa ya kibuyu ni mtindi. Keki ya mtindi niliioka mara moja tu, siku maziwa mengine yalipotuishia tukiwa katikati ya ziwa, na nashangaa kwamba ndiyo iliyomkaa Tuntufye kichwani. Hata hivyo, mtindi ukikosekana fanya hivi. Chukua maziwa ya kawaida vikombe viwili, kamulia ndimu moja, acha pasipo na upepo. Yakiganda, yatumie. Vipimo vya keki nimekuandikia nyuma ya karatasi. Usikoroge kwa hasira.

Kuhusu ubatizo: Novemba kuna kakao ya kuanika na hakuna wa kuiangalia. Nitamwombea mtoto nikiwa hapa.

Mzee Godwin


Sumbawanga, 28 Julai 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa kiboko. Huku Jubilate sasa anatambaa kinyumenyume. Akitaka kuja kwangu anaishia chini ya kabati, kisha ananilaumu mimi.

Keki nimeoka. Iliumuka vizuri, nikaanza kushangilia, halafu katikati ikadidimia ikawa na umbo la mtumbwi. Ilikuwa chachu. Tuntufye alitafuna, akatafuna, kisha akasema "ni nzuri" kwa ile sauti anayotumia msibani. Jirani yetu Mama Beatrice ameipenda sana, ameomba maelekezo, na sasa anaioka kila Jumamosi akisema ni mkate wa kwao. Kwa hiyo hujapoteza muda wako, ila siyo yenyewe.

Baba, kosa ni langu. Sikuuliza mtindi. Nikieleza zaidi nitaliandika lile neno, kwa hiyo hapa nampa kalamu mwanao.

KOPO. Baba, shikamoo. Ni maziwa ya kopo, yale mazito yasiyo na sukari. Tuntufye.

Nimerudi mimi. Shangazi aliniambia kwamba Mwaya nzima wanakuita Mzee wa hilo neno tangu ulipokuwa melini, na kwamba jina la utani nalo ni jina. Alisema pia niepuke maneno yanayofanana na majina yako. Basi hata zile nywele za ukingo wa jicho sizitaji. Na kile kitu laini tunacholalia, kwa kuwa kinaanza kama jina lako la ubatizo, nacho sikitaji. Tulipohamia hapa nilikwenda dukani nikasema nataka kile laini cha kuweka juu ya kitanda, muuzaji akaniletea mito minne. Nikamwambia si hivyo, ni kikubwa, kimoja. Akaleta blanketi. Mwishowe nikajilaza sakafuni kumwonyesha, na wateja wote wakatazama.

Jambo la kakao nalo nimelisikia. Ila Shangazi ameniambia kwamba mwaka huu mnauza kakao yote ikiwa mbichi, hamuaniki hata punje. Nakuuliza tena kwa heshima: utakuja?

Mkweo,
Naomi


Mwaya, 30 Agosti 2024

Mama Jubilate,

Salamu nyingi. Barua yako niliisoma mara mbili, kisha nikatoka kwenda kuuliza.

Nilidhani jina hilo lilibaki melini. Nilimuuliza kinyozi, akasema, "Mzee, mbona tangu zamani?" Nikamuuliza Israeli, akakohoa. Kuna mtoto wa jirani ambaye kila asubuhi husema "Babu Kopo", nami mwaka mzima nimekuwa nikimjibu kwamba sina kopo, akaombe kwao. Kumbe ni salamu. Kwa hiyo ni kweli, na mimi ndiye wa mwisho kujua katika kata nzima. Dada yangu nimemnunia siku mbili. Amesema hajaona tofauti.

Tuje kwenye maziwa.

Ya kwanza ni maziwa ya unga. Pima unga theluthi mbili za kikombe, maji ya vuguvugu robo tatu. Maji ndiyo yaingie kwenye unga, kidogo kidogo. Ukimwaga unga kwenye maji utapata madonge. Hayo yanafaa kwa chai, kwa mchuzi na kwa ndizi. Keki yake italika lakini itakuwa nyeupe na haitakuwa na la kusema.

Tui zito la nazi ni zuri kwa wali na samaki. Ukilitia kwenye keki hii, utakayokula ni nazi.

Yale mazito yenye sukari usiyaite ndugu wa haya. Wanafanana makopo tu. Ukilazimika, yaongezee maji na sukari ya keki uiache kabisa, na moto uwe mdogo, kwa maana yanaungua haraka.

Iliyo sahihi ni kuyapunguza mwenyewe. Maziwa mabichi vikombe vitano, sufuria nzito, moto mdogo, mpaka vibaki viwili. Kabla ya kuanza, simamisha kijiti safi ndani ya sufuria na ukikate alama pale maziwa yalipofikia. Gawa kuanzia chini mpaka alama hiyo sehemu tano, kata alama nyingine juu ya sehemu ya pili. Yakishuka mpaka hapo, yametosha. Utando wa juu usiutoe, urudishe ndani kwa mwiko. Mwanzoni yanapiga kelele, baadaye yanaanza kusema kwa sauti ya chini, na hapo ndipo usisogee hata ukiitwa na mkuu wa wilaya. Yakibadilika rangi kuwa kama karatasi ya bahasha kuukuu, epua.

Neno kopo nakuruhusu, liandike upendavyo.

Ubatizo: mguu wa kushoto hauniruhusu safari ndefu.

Mzee Godwin


Sumbawanga, 22 Septemba 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Jubilate anasimama akishika kiti, na akiachia anashangaa kwamba ardhi ipo. Tuntufye amepata mafua na anaugua kwa niaba ya mtaa mzima.

Ruhusa yako nimemsomea Shangazi kwenye simu. Amesema ruhusa ya karatasi si ruhusa, kwa hiyo bado ni chombo.

Sasa ripoti. Ya unga, madonge. Nilifanya kinyume kwa sababu nilisoma mstari huo baada ya kumwaga. Mara ya pili yalikuwa mazuri, tukayapikia ndizi, tukaramba sufuria. Keki yake ilikuwa nyeupe kama ulivyosema. Yenye sukari, keki ikawa nyeusi juu na mbichi ndani, Mama Beatrice naye aliikataa, na yeye hakatai kitu.

Maziwa mabichi nimeyajaribu mara nne. Mara ya kwanza Jubilate alianguka nikakimbia kumwinua, yakashika chini. Mara ya pili niliogopa yasishike nikaepua mapema, nikapata maji yenye majivuno. Mara ya tatu kijiti kiliungua. Mara ya nne kila kitu kilikwenda sawa mpaka kwenye alama, lakini yakanuka moshi, na rangi ya bahasha kuukuu sikuiona. Bahasha zipo za aina nyingi, Baba. Na umesema yataanza kusema kwa sauti ya chini. Ya kwangu hayasemi, au yanasema Kifipa.

Nimebakiza miezi miwili na nimeshaelewa kwamba jambo hili haliandikiki. Lazima mtu anayejua awe karibu na sufuria.

Na kuhusu mguu: Shangazi anasema Jumamosi iliyopita ulipanda baiskeli mpaka Ikolo kwenye harusi na ukarudi umebeba mkungu wa ndizi. Sikudhihaki. Lakini naomba safari hii usinipe kakao wala mguu. Niambie kwa nini huji. Ikiwa ni mimi nimekukosea, niambie nijue, kwa sababu kila nikifikiria siku hiyo bila wewe nasikia uchungu, na sijui niupeleke wapi.

Mkweo,
Naomi


Mwaya, 20 Oktoba 2024

Mama Jubilate,

Salamu kwenu nyote. Nimechelewa kujibu, na safari hii Israeli hana kosa. Barua yako ninayo mfukoni tangu tarehe mbili.

Hujanikosea. Nikueleze.

Marehemu mama yenu, Maria, aliishi kwenye boma la baba yangu miaka kumi na tisa. Katika miaka hiyo hakumwona baba uso hata siku moja, wala kumsemesha. Akisikia kikohozi chake, anapita nyuma ya nyumba. Akimpikia, chakula kinapelekwa na mtoto. Baba alipofariki, Maria alilia kutushinda sisi aliotuzaa, na alimlilia mtu ambaye asingemtambua njiani. Niliwahi kumuuliza kama haikumchosha. Akasema, "Nilimheshimu, na alijua."

Sasa nikija kwenu, nikakaa mezani tukatazamana kwa sababu tu mambo yamebadilika, nitakuwa nimemwambia Maria kwamba alijisumbua bure. Vijana wengi hapa wameacha, nami siwalaumu. Kwangu ndipo panaponishinda.

Na kuna siku ile ya Pasaka, mwaka jana, mlipokuja. Nilirudi mapema kutoka shambani, mvua inamwagika. Ukanisikia nakuja, ukatoka kwa mlango wa nyuma ukakimbilia migombani. Ulikuwa na mimba, na mimi nilikuwa nimeshaambiwa. Nilisimama mlangoni na mwavuli mkononi, nikiona mgongo wako unavyolowa, nisijue la kufanya. Ningekufuata, ungekimbia zaidi. Nikatoka tena, nikajibanza kwa jirani mpaka nilipohakikisha umeitwa ndani. Niliona aibu siku ile na bado ninayo. Tangu hapo naona afadhali nisiwepo mahali ulipo, usije ukalowa tena kwa ajili yangu.

Sababu nyingine sina. Mguu hauumi sana.

Mzee Godwin


Sumbawanga, 3 Novemba 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Leo sina habari za kuchekesha za mtoto, ingawa zipo.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikiwa nimekaa. Siku ile ya mvua nililia kidogo huko migombani, nisikudanganye. Nilidhani umerudi nje kwa sababu umechukizwa na mimi. Sikujua kwamba ulisimama na mwavuli. Ningejua, ningelowa kwa furaha. Ndaga fijo, Baba, kwa kuniambia.

Kuhusu Mama, mimi sikumkuta, na siwezi kukuambia upime vipi miaka yake. Sitakuomba uvunje kitu. Naomba jambo moja tu. Jiko letu liko nje, ni banda la mabati lenye mlango mmoja. Nimepima: kuanzia mlangoni mpaka kwenye mti wa mparachichi ni hatua saba. Utawekewa kiti hapo, mgongo uelekee jikoni. Hutaniona. Mimi nitakuwa ndani na maziwa, wewe nje na masikio yako na pua yako, na Tuntufye atapeleka maneno. Kulala utalala kwa Mama Beatrice, ana chumba cha wageni na kile kitu laini kipya. Kanisani utakaa upande wa wanaume, mbele, na mtoto utapewa na baba yake.

Shangazi nimemweleza mpango mzima. Aliuliza swali moja tu, kama kiti kina egemeo. Nikasema kinalo. Akasema hapo mtu hawezi kugeuka kwa bahati mbaya, basi na iwe.

Mkweo,
Naomi


Mwaya, 14 Novemba 2024

Mama Jubilate,

Nampa kondakta wa basi barua hii, kwa kuwa sanduku la kanisa halitawahi.

Nakuja. Ijumaa tarehe 22 jioni nitakuwa Sumbawanga, Mungu akipenda na barabara ya Tunduma ikikubali. Jumamosi asubuhi kazi. Tayarisha maziwa ya jana jioni lita tatu, siyo ya asubuhi hiyo, sufuria nzito kuliko zote, mkaa wa mti mgumu uliochambuliwa, mwiko usionuka kitunguu. Mayai yasiwe ya baridi. Moshi uliousikia mara ya nne ni wa mkaa mbichi, uchome nje mpaka uwe mwekundu ndipo uingize.

Kiti cha plastiki sikai.

Mzee Godwin


Sumbawanga, 1 Desemba 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Tunashukuru kusikia umefika salama na kwamba hukulala njaa njiani baada ya kutuachia mchele wako. Naandika kama vile hukuwepo, kwa sababu kuna upande ambao ulikuwa mgongoni kwako.

Mwanzoni niliogopa mno. Nilikuona kupitia upenyo wa mabati, umekaa wima kwenye kiti cha Mama Beatrice, kofia kichwani, kama uko zamu. Ukasema, "Tuntufye, mwambie mkaa ni mwingi." Tuntufye akasogea hatua saba akaniambia mkaa ni mwingi. Mimi nikasema, "Mwambie nimepunguza." Akarudi hatua saba. Ulikuwa umesikia na mimi nilikuwa nimesikia, na mwalimu mzima wa sekondari anakwenda na kurudi kama mpira. Alipofika mara ya kumi na mbili alikuwa anahema. Na kila ulilosema lilikuwa kweli. Ulijua nimeacha kukoroga. Ulijua utando umeshika pembeni. Uliposema, "Mwambie asikilize sasa," nikainamisha sikio, na kweli, Baba, yalikuwa yanasema. Sauti ndogo, nene. Niliisikia kwa mara ya kwanza, na nikajua sitaisahau.

Halafu Jubilate akalia ndani, Tuntufye akaenda kumchukua, tukabaki wawili. Nikaona moto umelegea nikaongeza makaa mawili, nikainama kupuliza. Nilipoinua kichwa maziwa yalikuwa yamefika ukingoni, na mikono miwili iliyoshika sufuria kwa pindo la koti haikuwa yangu.

Sikujua nikimbilie wapi, mlango ulikuwa umeuziba wewe. Nikasema, "Shikamoo, Baba." Ukasema, "Marahaba. Sufuria hii ni nyepesi, nilisema nzito." Na Tuntufye aliporudi na mtoto mkononi akatukuta tunabishana kuhusu sufuria, akakaa chini, palepale kwenye majani.

Mchungaji alikula vipande vitatu. Tuntufye alipoonja hakutumia sauti ya msibani, akatoka nje kidogo, na aliporudi macho yalikuwa mekundu. Jubilate bado anapiga kelele akiona mtu mwenye kofia, anadhani ni wewe.

Nilimpigia Shangazi nikiogopa, nikamweleza kwamba uliokoa maziwa. Akasema lita tatu za maziwa si mchezo, na kwamba sasa umeshaniona, kuanza kufichana tena ni upuuzi. Basi naliandika neno hili kwa mkono wangu, mara ya kwanza tangu niolewe: kopo. Na jana nimenunua godoro la mtoto, nikalitaja dukani kwa sauti kubwa.

Mkweo,
Naomi


Mwaya, 15 Desemba 2024

Naomi, mwanangu,

Salamu kwako, kwa Tuntufye na kwa Jubilate. Mvua zimeshika vizuri, tumesia mbegu ya mpunga. Israeli amevuka tena mpaka, kwa hiyo barua hii utaipata kwa kondakta. Ile keki uliyonifungia imefika ikiwa nzima. Dada yangu amekula kipande kikubwa, akasema ina sukari nyingi, akachukua cha pili kuhakikisha.

Habari ya maziwa ameitangaza Mwaya yote. Kanisani, kisimani, kwenye mashine ya kukoboa, kila mahali anasema Godwin aligeuka kwa sababu maziwa yalikuwa yanamwagika, na mtu yeyote mwenye akili angegeuka. Wazee wamekubali. Mmoja amesema hata baba yangu angegeuka. Mimi nimewaacha waseme hivyo. Nilikwenda pia kaburini kwa Maria kupalilia, nikamweleza, na yeye sikumweleza hivyo.

Wewe nawe nitakueleza ilivyokuwa, kisha uichome barua hii, maana dada yangu anakuja kwenu Januari na mifuko ya watu huipekua.

Tuntufye alipoingia ndani, nilikaa pale nikisikiliza. Nilisikia mwiko ukigonga sufuria. Nilisikia ukijisemesha mwenyewe, "Taratibu, taratibu," vilevile Maria alivyokuwa akisema jikoni. Nikawaza kwamba mtu huyu ameniandikia barua nne, ameunguza maziwa ya watu, ameulaza sakafuni mwili wake dukani kwa ajili ya jina langu, na mimi nikikutana naye sokoni kesho nitampita kama nisiyemjua. Maria alimlilia baba bila kumjua uso. Sikutaka wewe unililie hivyo.

Nikainuka. Ulikuwa umeinama unapuliza moto, hukuniona. Nilisimama mlangoni nikakutazama, kwa muda wa kuhesabu mpaka ishirini. Maziwa yalipopanda nilikuwa nimeshafika muda mrefu.

Nilipogeuka, Naomi, maziwa yalikuwa bado chini.

Baba yako